Bastola ya zamani: springi kwanza, nikeli baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wamiliki halali wa bastola za zamani, zile za chuma kitupu kuanzia fremu hadi slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza nyuma na mbele kila risasi inapotoka), ambazo bado zimo kwenye masanduku na viunoni mwa watu wa Arusha na Moshi. Fedha inayotumika kuzipamba ni nyingi, na inayotumika kuzifanya zifyatue sawasawa ni kidogo mno. Mtu atamlipa fundi wa mabampa ya magari aitie nikeli mpaka ing'ae kama kijiko cha harusi, huku springi iliyomo ndani ni ileile iliyotoka nayo kiwandani kabla mwenye bastola hajaanza darasa la kwanza.

Bastola ninazozisema ni kama Browning Hi-Power iliyotoka Herstal, Ubelgiji, mwaka 1935, yenye magazini ya risasi 13 za milimita 9, Colt ya Marekani ya 1911 inayobeba risasi 7 za inchi .45, CZ 75 ya Chekoslovakia, Tokarev TT-33 na Makarov za Urusi, na Walther PP ya Ujerumani ya mwaka 1929. Colt 1911 tupu ina kilo 1.1 hivi, Hi-Power na CZ 75 zinacheza kwenye kilo moja, Makarov gramu 730. Linganisha na Glock 17 yenye fremu ya plastiki, gramu 625 hivi. Uzito huo ndio unaomeza teke la risasi, mkono ukatulia, na ndio unaofanya watu wasitake kuachana nazo. Lakini chuma hicho kina mahitaji ambayo plastiki haina.

Nianze na springi ya kurudishia slaidi. Hiyo ndiyo breki ya bastola. Ikichoka, slaidi inarudi nyuma kwa kasi na kuigonga fremu kila risasi inapotoka, na baada ya muda chuma kinapata ufa. Dalili zake hazijifichi: maganda yanarushwa mbali kuliko zamani, teke linakuwa kali, au slaidi inasita milimita moja au mbili kabla ya kufunga kabisa. Kwa Colt 1911 ya ukubwa kamili, springi ya kawaida ni ya nguvu ya pauni 16. Kwa Hi-Power ni pauni 17. Hubadilishwa kila baada ya risasi 3,000 hivi, na kwa bastola ambayo historia yake haijulikani hubadilishwa siku unapoipokea, bila kubishana nayo. Springi mpya ikiwekwa mezani kando ya ile ya zamani, mara nyingi tofauti ya urefu inaonekana kwa macho.

Wapo wanaofikiri springi ngumu zaidi ni kinga zaidi. Hapo ndipo wanapoharibu. Springi ya pauni 20 ndani ya 1911 iliyopangiwa 16 hurudisha slaidi mbele kwa kishindo, na kishindo hicho kinaangukia pini ya kizuizi cha slaidi na kiungo kidogo kinachoshika mtutu. Isitoshe, slaidi inawahi kupita kabla springi ya magazini haijainua risasi inayofuata. Risasi inaingia imeinama, pua chini, na bastola inakwama. Kisha lawama zinaangukia risasi.

Springi ya pili husahauliwa na karibu kila mtu: ile ndogo inayorudisha pini ya kugonga, yaani inayopiga kitako cha risasi. Hi-Power za kabla ya toleo la Mark III, CZ 75 za mwanzo na 1911 za mtindo wa awali hazina kizuizi cha pini. Bastola ikianguka mdomo chini juu ya sakafu ya saruji, kinachozuia pini isisonge mbele kwa uzito wake ni hiyo springi peke yake. Bei yake ni ndogo kuliko ya boksi la risasi. Wenye CZ 75 waongeze akiba ya vitu viwili: springi ya kurudishia triga, ambayo ikikatika triga inalegea na kuning'inia, na kizuizi cha slaidi, ambacho pini yake ina tabia ya kuvunjika kwa bastola zilizotumika sana.

Tokarev nayo ina lake. Ile ya asili haina sefti ya mkono hata kidogo, ina nusu koki tu, yaani nyundo kushikwa katikati ya safari yake, na nusu koki iliyolika haiaminiki. Mwenye nayo abebe chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, ikiwa tupu.

Magazini ndiyo chanzo cha matatizo mengi, na tiba yake ni rahisi. Kila magazini itiwe alama ya rangi chini, moja, mbili, tatu. Bastola ikikwama, andika ni ipi iliyokuwemo. Ikikwama mara tatu na zote ni namba mbili, bastola haina kosa. Tazama midomo ya juu inayoshika risasi: ikipanuka, risasi zinaruka mapema au mbili kwa pamoja, ikibanwa, hazitoki. Usiinyooshe kwa koleo, kwa sababu chuma chake kimetiwa ugumu na kikikunjwa mara mbili kinapasuka. Ndani ya magazini pasitiwe oili. Vumbi la Kisongo au la barabara ya Mererani likikutana na oili linakuwa kama ugali wa msasa, kile kibao kinachosukuma risasi kinabanwa, na springi nzuri inaonekana mbovu. Fungua kitako chake, futa kwa kitambaa kikavu, funga.

Kuhusu risasi nitakuwa mfupi. Neno "tisa" peke yake halitoshi dukani. Ipo 9×19 ya Parabellum inayoingia Hi-Power na CZ 75. Ipo 9×18 ya Makarov, ambayo risasi yake ina unene wa milimita 9.27 wakati ya Parabellum ni 9.02 hivi; na ipo 9×17 fupi ya baadhi ya Walther. Hazibadilishani. Soma maandishi kwenye mtutu, si kwenye boksi alilokuonesha jirani. Hi-Power za zamani pia zina mwinuko kwenye njia ya kupandishia risasi, hivyo risasi za pua ya mviringo zilizofunikwa shaba yote hupanda vizuri, na zile za pua yenye shimo hugoma. Fundi anayechonga njia hiyo kwa mashine ya kusaga anaondoa chuma kinachoshikilia kitako cha ganda, na ganda lisiloshikiliwa hupasuka likielekeza moto kwenye magazini na kwenye kiganja. Risasi zilizoandikwa +P, zenye msukumo mkubwa kuliko kawaida, ziachiwe bastola za kisasa.

Sasa nikeli. Karakana ya mabampa inafanya kazi nzuri kwenye mabampa. Bampa ni chuma laini, halina reli zinazosuguana na halina springi. Tabaka la nikeli la mikroni 25 ni jembamba kuliko unywele, lakini kwenye reli za slaidi na fremu linakaa pande zote mbili za pengo, kwa hiyo pengo linapungua mikroni 50, na bastola iliyokuwa ikiteleza inaanza kukwaruza. Ubaya mkubwa zaidi hauonekani. Asidi ya kusafishia na umeme wa kupakia nikeli huingiza haidrojeni ndani ya chuma. Chuma kigumu kikinyonya haidrojeni kinakuwa kikavu kama biskuti: nyundo, ndoano ya kuvutia ganda na springi zinaweza kukatika siku kadhaa baadaye bila dalili. Dawa yake ni kuoka sehemu hizo kwenye nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi kwa saa kadhaa, muda mfupi tu baada ya kupakwa, na karakana ya mabampa haina sababu ya kuwa na tanuri hilo. Tena kabla ya kupaka lazima wasugue, na wakisugua wanafifisha namba ya usajili. Hapo umeshaingia kwenye jinai, hata kama nia yako ilikuwa urembo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 haicheki na namba iliyofutika, na kumwachia silaha mtu asiye na leseni, hata kwa mchana mmoja, ni kosa jingine.

Vivyo hivyo triga "laini". Meno ya nyundo na jino linaloishika yametiwa ugumu juu juu tu. Chini yake chuma ni laini. Tupa ikipita mara chache ule ugumu umekwisha, triga inakuwa tamu kwa wiki mbili, kisha meno yanalika na nyundo inaanguka bila kuguswa. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha mwenye leseni na vipimo, ama isifanywe kabisa. Kwenye Hi-Power kuna kifaa kinachozuia triga isifanye kazi magazini ikiwa imetolewa, na ni kweli kinaongeza uzito wa triga. Wengi wanataka kitolewe. Kiacheni. Triga nzito kidogo katika nyumba yenye watoto si hasara.

Baada ya huduma yoyote, bastola ikaguliwe ikiwa tupu. Magazini nje, slaidi nyuma, chemba itazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole, risasi zikiwa chumba kingine. Kwa Hi-Power, 1911 na CZ 75, rudisha magazini tupu, koki, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha toa sefti polepole. Nyundo ikianguka au hata ikisogea kidogo tu, bastola hiyo haibebwi mpaka ipone. Kisha vuta triga na uendelee kuibana, rudisha slaidi nyuma, shusha kizuizi cha slaidi kilichoishika, na uiachie taratibu: nyundo ibaki imekokiwa mpaka uachie triga na kuvuta tena. Dakika moja inatosha.

Pambo lenye faida kweli ni mbao za mpini, na hapa sisi watu wa kaskazini tuna bahati, maana wachonga mpingo hawako mbali. Mto wa Mbu wamejaa. Mpingo ni mti mzito unaozama majini, haunywi jasho, na ukisuguliwa hauhitaji vanishi. Tena una uzuri wa kisheria: mchongaji hahitaji kuiona bastola. Mpelekee mbao za zamani mbili na skrubu zake, basi. Silaha ibaki kwenye sanduku.

Chagua kipande cha moyo mweusi kilichokauka ndani ya nyumba kwa muda mrefu. Mpingo hukauka polepole sana, na kipande kibichi kilichochongwa wakati wa masika kitajipinda au kupasuka kwenye tundu la skrubu ikifika Januari. Kipande chenye ukingo wa rangi ya maziwa kina kapi, yaani tabaka la nje la mti, nalo ni laini na huliwa na wadudu. Nyuzi za mti ziende kwa urefu wa mpini. Mbao zote mbili zitoke kwenye kipande kimoja kilichopasuliwa katikati, zipate kufanana. Kwa 1911, unene wa kawaida ni milimita 6.4 hivi, wenye vidole vifupi washuke hadi 4.8. Anza na ubao wa milimita 8.

Uso wa ndani ndio unaotangulia. Bandika msasa juu ya kioo kinene, sugua ubao juu yake mpaka ulale bila kutikisika. Tundu litobolewe kuanzia ndani kwenda nje, ubao mwingine wa kutupa ukiwa umebanwa chini yake, la sivyo keekee ikitokea upande wa pili inang'oa kipande. Kutoboa mbao za 1911 kunahitaji uangalifu maalum, kwa sababu tundu ziko mbili na umbali wa kati kwa kati ni milimita 78 hivi. Kosa la nusu milimita linalazimisha skrubu kuingia upande. Ukilazimisha, au ukikaza kupita kiasi, kile kikombe chenye nyuzi kilichomo kwenye fremu kinalegea na kutoka pamoja na skrubu mara nyingine utakapofungua. Mkono utosheke na robo mzunguko baada ya skrubu kugusa.

Bado kuna jambo moja la 1911 ambalo wachongaji hawawezi kulijua wasipoambiwa. Upande wa kushoto, juu ya ubao, kuna kijibomba chembamba chenye springi inayosukuma sefti. Ubao wa asili umechongwa ili ukikumbatie na kukibana kisiinuke. Mchongaji akiuchonga ubao mfupi kwa ajili ya sura, kijibomba hukosa mwega, rivet zake hulegea, na sefti inakosa nguvu ya kukaa mahali pake au inagoma kutoka. Mwambie afuate mkato wa ubao wa zamani bila kupunguza hata kidogo.

Ukirudi nyumbani, paka masizi ya kibatari kwenye fremu mahali ubao utakapolalia, uweke, ubonyeze, utoe. Palipochafuka ndipo palipozidi. Sugua hapo tu, rudia mara tano au sita. Hakikisha ubao haugusi kitufe cha magazini wala sefti ikishuka. Kisha msasa 220, 400, 600, na nta kidogo ya nyuki. Vumbi la mpingo linawasha macho na ngozi, hivyo barakoa ni lazima kwa anayesugua. Pakitokea ufa mdogo, safisha kwa asetoni kwanza, maana mafuta ya mpingo hukataa gundi, kisha tia gundi ya papo hapo iliyochanganywa na vumbi lake lenyewe.

Pembe za ndovu zisizungumzwe. Pembe la nyati pia ni nyara ya serikali. Pembe la ng'ombe ni halali na ni zuri machoni, lakini linaachana matabaka likipata joto la kiunoni. Mwenye kulitaka alitake akijua.

Vilengeo vya bastola hizi ni vidogo, vilitengenezwa kwa macho ya vijana wa jeshi. Futa kile cha mbele kwa spiriti, paka rangi nyeupe, ikikauka ongeza nyekundu au chungwa juu yake. Rangi ya kucha inafaa, ila iwekwe mbali na dawa ya kusafishia mtutu. Risasi zikipiga chini ya unapolenga, kilengeo cha mbele ndicho kirefu mno na ndicho kinachopunguzwa. Kwa bastola yenye milimita 160 kati ya vilengeo viwili, milimita moja inasogeza shimo sentimita 9 hivi kwa umbali wa mita 15, kwa hiyo fundi apunguze kwa robo milimita, si kwa kukisia.

Mwisho ni kutu. Ile rangi ya bluu nyeusi ni kutu iliyofugwa, tabaka jembamba lenye vitundu, na haizuii kitu bila mafuta juu yake. Siki, soda na dawa za kutolea kutu za gereji huila ndani ya dakika chache. Kutu changa itolewe kwa oili na pamba ya chuma laini ya namba 0000, bila haraka. Mafuta ya taa yanafaa kusafishia, mradi yafutwe na oili ifuate. Petroli inaacha chuma kikavu kabisa na kutu inaanza usiku uleule. Mafuta ya alizeti yasikaribie: yakikaa yanaganda kama gundi, na pini ya kugonga inazama humo. Oili safi ya injini inatosha. Matone mawili kila reli, moja nje ya mdomo wa mtutu, moja penye meno ya kufungia, moja penye nyundo. Kwa vumbi letu yanatosha kabisa.

Anayeibeba kiunoni Moshi, penye joto na jasho, aifute kila jioni. Jasho lina chumvi, na kutu huanzia nyuma ya slaidi, kwenye skrubu za mpini na chini ya magazini. Masika ikianza, mbao za mpini zifunguliwe mara moja kwa mwezi, kwani chini yake ndiko maji yanakolala. Bastola isilazwe ndani ya ala ya ngozi wala sanduku la sponji. Vyote viwili hunywa unyevu na kuushikilia. Sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti, vipakiti vya kunyonya unyevu ndani yake, risasi kando. Mchele mkavu haufanyi kazi hiyo, uliwe.

Ombi langu ni kwa wenye maduka yaliyoidhinishwa mikoani kwetu. Mnaagiza bastola mpya na risasi kwa makasha. Katika shehena ijayo tieni springi za kurudishia slaidi za pauni 16 na 17, springi za pini ya kugonga, springi za magazini za Hi-Power na CZ 75, na vizuizi vya slaidi vya CZ viwili vitatu. Vyote pamoja haviwezi kujaza boksi la viatu.

Msomaji wako,
Njiro, Arusha